Nyumba ya Mama Cherehani

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu za huku. Sisi wazima, tukiyaacha magoti ya mama, ambayo siku hizi yana serikali yao. Anakusalimu sana na anasema uvae soksi mbili. Nimemwambia wewe ni mtu mzima, soksi unazijua. Akasema niandike hivyohivyo, kwa hiyo nimeandika. Nawe hali yako ikoje? Kazi je? Na huyo mwenzako wa chumbani, bado anakoroma?

Najua simu ingekuwa rahisi. Lakini mama hasikii vizuri kwenye simu, anaishia kupiga kelele, halafu analia, halafu laini inakatika. Barua ninamsomea, nikimaliza ananiambia rudia pale pa katikati.

Sasa habari yenyewe. Mwenye nyumba wetu amekuja tena na lile tabasamu lake, na ukiona anatabasamu ujue kodi imepanda. Safari hii sikubishana naye. Nilikuwa nimetoka kazini, mikono yote inanuka sabuni ya mashuka ya hospitali, nikamwambia sawa baba, nimesikia. Alipoondoka mama akaniuliza kwa nini sikumjibu. Nikamwambia majibu yameisha. Unajua mama hajashuka ngazi hizi tangu mwezi wa kumi na moja? Ghorofa tatu. Jua analiona dirishani, saa za asubuhi tu, kabla halijazibwa na jengo la mbele.

Kuna mwenzangu kazini, yule tunayesimama naye kwenye mashine ya kupiga pasi, aliniambia kuna nyumba inauzwa kwenye mtaa wa nyumba za zamani, nyuma ya soko la mbao. Jumapili nikaenda kuiangalia. Ni nyumba ya chini, haina ngazi hata moja isipokuwa kizingiti. Vyumba vitatu, sebule, baraza ya mbele, ua nyuma na bomba la maji. Kuta zake nene kama za ngome. Nje kulikuwa na joto la kukausha mate, nikaingia ndani nikahisi kama mtu amenifunika kitambaa cha maji usoni.

Mwenye nyumba hiyo ni mama mmoja mzee, mjane, alikuwa fundi wa kushona. Mtaa mzima unamwita Mama Cherehani. Mwanawe anataka ahamie kwake, mji mwingine, naye amekubali shingo upande. Huyu mama hajui kuuza kabisa. Kabla hajanionyesha chumba chochote alinishika mkono akanipeleka jikoni, akanionyesha mahali mvua inapoingilia. "Hapa naweka sufuria," akasema. "Na hapa, mvua ikizidi, ndoo."

Kwa ukongwe wake bei si ya kutisha kama zile tulizoziona mwaka jana. Tulicho nacho, mimi na wewe, kinafika nusu na kidogo ya arubuni anayotaka. Mama Cherehani anakubali bei inayobaki ilipwe polepole, tukishaitoa hiyo arubuni. Sijamwambia mama kitu. Nimeona nikuulize wewe kwanza.

Ni mimi,
Dada yako

27 Februari

Dada yangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, ila inasomeka. Nimefurahi kusikia mpo. Mwambie mama soksi ni mbili, na siku za kuingia chumba cha barafu cha ndani kabisa ni tatu, kiatu kinagoma kufunga. Mimi mzima, uchovu tu. Mwenzangu anakoroma vilevile. Juzi jirani alitugongea ukuta, akidhani tunasogeza makabati.

Habari ya nyumba nimeisoma kwenye basi la kazini, nikaisoma tena wakati wa mapumziko, nimekalia kasha la samaki. Nilipofika kwenye neno baraza niliacha kusoma kidogo. Naomba usikasirike nikikuuliza maswali. Paa lina hali gani, ukiacha hapo pa sufuria? Mabomba ni ya lini? Waya za umeme je? Hati iko kwa jina la nani, na huyo mwanawe anajua kama mama yake anauza, asije kesho akatuibukia? Kuna mtu hapa kazini aliwahi kununua nyumba ya zamani kwao. Anasema aliinunua mara mbili, mara ya kwanza kwa mwenye nyumba, mara ya pili kwa mafundi, na ile ya pili ndiyo iliyomtoa jasho.

Tafuta fundi aikague. Asiwe rafiki wa mwenye nyumba, wala asiwe rafiki yako, maana wewe ukipenda kitu unapofuka.

Jambo lingine ni kwamba mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Nilikuwa nimeanza kufikiria, basi, tuyaache hayo kwanza. Tuone fundi atasema nini.

Msalimie mama. Mwambie nimenenepa. Si kweli, lakini mwambie.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Huku tunaendelea. Mama nimemwambia umenenepa, akauliza, "Kanenepa wapi, usoni au tumboni?" Nikasema usoni. Akaridhika siku nzima.

Fundi nimempata, mtu mfupi anayeongea bila kupumua. Wanamwita Kiwiko, kwa sababu ukuta haugongi kwa nyundo wala kwa ngumi, anaupiga kiwiko halafu anaweka sikio. Nilimfuata nyuma chumba kwa chumba nikijihisi kama ndugu wa mgonjwa anayemfuata daktari. Mama Cherehani naye akatufuata na chai kwenye sinia, kila tukisimama anatumiminia.

Kiwiko akamuuliza, "Mama, nyumba hii ina umri gani?"

"Mimi ni mkubwa wake kwa miaka miwili."

"Basi nyote wawili mnahitaji kenchi mpya."

Yule mama alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Lakini baada ya utani ikawa kazi. Msingi mzuri. Kuta nzuri, kuliko zinazojengwa sasa. Ufa wa jikoni ni wa zamani, umeshatulia, hauendi popote. Mabaya ni haya. Mbao za paa upande wa nyuma zimeliwa na mchwa, lazima mabati yavuliwe na kenchi zibadilishwe. Mabomba ni ya chuma, yamejaa kutu ndani, maji yanatoka kwa kunyata. Waya za umeme zimevikwa kitambaa, siyo plastiki, na Kiwiko amesema hizo hata usiku mmoja tusilale nazo. Ukijumlisha, ukarabati ni karibu theluthi ya bei ya nyumba. Unaweza kwenda kwa awamu, paa na waya kwanza, mabomba yatasubiri. Hati iko sawa, kwa jina lake mwenyewe, nimeiona, na mwanawe nimeongea naye. Ni mtu mpole, haraka tu imemzidi.

Nimekaa na hesabu hii kila nikitoka kazini. Kodi tunayolipa hapa imeshanunua nyumba ya mtu mwingine. Lakini pia najua nikinunua kule nitapanda mabasi mawili kwenda kazini badala ya moja, na nitakuwa nashinda na mafundi siku zangu za mapumziko, na ukuta wowote ukidondoka hakuna wa kumpigia simu, ni mimi. Nina miaka arobaini na saba, mdogo wangu. Kuna wakati najiuliza kama kweli naitaka nyumba hii au nimechoka tu na ngazi.

Uliandika kwamba mkataba unaisha, halafu ukaacha. Ulikuwa unafikiria nini? Niambie.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Salamu. Mimi mzima. Mwandiko usiutilie maanani, naandika nimejilaza.

Nimesaini mkataba mpya, miaka mitatu. Arubuni nimeituma, mpe Mama Cherehani kabla hajabadili mawazo. Nimechukua zamu za ziada mwezi wote uliopita, ndiyo maana imetosha. Paa litafuata, waya zitafuata. Kiwiko mwambie aanze kutafuta mbao.

Pale nilipoacha hapakuwa na kitu.

Msalimie mama. Sasa unaweza kumwambia.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Tunakushukuru mpaka maneno yanakwama. Hali yetu njema. Arubuni nimempa Mama Cherehani mkononi, mbele ya mwanasheria na jirani yake mmoja. Alihesabu, akanikumbatia, akaingia chumbani akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, nami nikajifanya natazama dari.

Mama nilimwambia jioni ileile. Kesho yake nilipoamka nilimkuta amekaa kitandani amevaa gauni lake la kutokea, na viatu. Ikabidi majirani wawili wa chini wambebe kwenye kiti mpaka barabarani, mmoja akilalamika mgongo, mama akimwambia wewe mgongo huna bado, hayo ni maringo. Tukachukua teksi.

Ningependa ungemwona. Alipita kila chumba akigusa ukuta, kama anayepapasa mtoto kuangalia kama ana homa. Alipofika barazani akaketi, jua likampiga miguuni, akafumba macho. Yeye na Mama Cherehani walizungumza kama waliosoma pamoja. Wakazungumzia magoti. Wakazungumzia waume, Mungu awarehemu, na wala hawakuwasifu sana. Ilipofika saa ya kuondoka mama akasema mimi niende tu, yeye ameshafika.

Chumba cha pembeni, chenye dirisha la uani, amesema ni chako, nisiweke mtu wala sanduku.

Ila kuna jambo linanisumbua. Barua yako ya mwisho mwandiko wake umelala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Na ni fupi. Wewe huwa unaniandikia mpaka habari za paka wa kantini. Una nini?

Dada yako

11 Juni

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Nimeuliza posta, wanasema barua zinaingia kama kawaida. Mama ananiuliza kila nikifungua mlango, nami nimeanza kufungua mlango taratibu.

Pesa za mwezi uliopita zimefika. Zimekuja peke yake, bila neno. Mbao za Kiwiko zinapanda bei, lakini sikuandiki kwa ajili ya mbao. Andika mstari mmoja tu, sema upo.

Dada yako

3 Julai

Mdogo wangu,

Mwenzako wa chumbani amekuja. Amerudi kwao kwa likizo na akapita kutuletea kifurushi chako, blanketi la mama na saa yangu. Tunashukuru. Ni mtu mwungwana. Alikula, akamsifia mama, akajibu maswali yote. Wakati wa kuondoka nilimsindikiza chini, na kule kwenye mlango wa barabarani nikamuuliza, "Mkono wake una nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Dada, kaniomba nisiseme."

"Basi usiseme. Nionyeshe."

Akanyoosha mkono wake wa kulia, akakunja kidole cha mwisho na kile cha pete.

Halafu akasema yote, tumesimama pale watu wakitupita na mizigo. Kwamba mwezi wa tatu ulikuwa unachukua zamu mbilimbili ili arubuni itoshe. Kwamba glavu ililowa, na kwa kuwa ulikuwa umechoka hukuhisi vidole vikiganda, mpaka ulipovua ukavikuta vimekuwa kama vya mtu mwingine. Kwamba vilikatwa. Kwamba daktari alisema mkono huo usirudi tena kwenye baridi, la sivyo vitafuata vingine. Na kwamba ulikuwa umeshaandaa mizigo urudi nyumbani mwezi wa nne, na hata sanduku ulishanunua, kabla hujapata barua yangu ya kwanza ya nyumba.

Nilipanda ngazi sijui vipi. Nilitaka kumficha mama. Nikaingia, nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mama akasema, "Njoo ukae." Nikakaa. Nikamwambia. Hakulia. Aliniuliza ni mkono gani, nikasema wa kulia, akauliza ni vidole vipi, nikamwonyesha. Akavishika vyangu, hivyo viwili, akakaa navyo.

Kesho yake nilikwenda kazini. Nilikuwa nimepanga kufikiri. Mashuka yanapita kwenye mashine, wewe unafikiri, ndivyo nilivyozoea. Nilirudi jioni nikakuta mlango umerudishiwa tu na chumba kitupu. Nikashuka mbio. Jirani wa chini akaniambia amemwona asubuhi. Mdogo wangu, mama alishuka zile ngazi peke yake, amekaa chini, ngazi moja moja, kwa makalio, ghorofa zote tatu, gauni la kutokea likifagia vumbi. Jirani alipotaka kumbeba alikataa. Alichomuomba ni kumwitia teksi.

Alirudi jua linazama, Mama Cherehani akiwa pembeni yake, na dereva wa teksi akamleta juu mgongoni. Akaketi. Akaomba maji. Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nimekwenda kuiacha ile nyumba."

"Mama, tumeshatoa arubuni."

"Najua." Akanywa maji yote. "Nyumba yenye vidole vya mwanangu ukutani siitaki. Nitakuwa nalala nikivisikia."

Kwa mkataba wetu, anayejitoa anapoteza arubuni yote. Mama Cherehani amerudisha nusu. Nusu nyingine alishaituma kwa mwanawe, wanamjengea chumba huko. Aliniomba radhi mimi, fikiria, yeye aniombe radhi mimi. Nikamwambia, hapana mama, wewe ndiye tuliyekuvuruga.

Kwa hiyo hakuna nyumba. Usitume pesa ya paa. Usitume pesa yoyote. Rudi.

Dada yako

26 Julai

Dada,

Salamu kwako na kwa mama.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikatembea mpaka kwenye kituo cha basi na kurudi, nikaisoma tena. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana imenichukua siku nyingi. Sina la kuficha tena, kwa hiyo acha niseme lililopo.

Mmeniamulia. Mlikaa hapo, wewe na mama na yule mama wa cherehani, mkaamua, na mimi nikaandikiwa kama mtu anayeandikiwa matokeo. Mlinionea huruma, sawa, naielewa. Lakini je, mlifikiria upande wangu? Vidole vimeshakatwa. Havirudi hata nikirudi. Nilikuwa naingia kwenye ule ubaridi kila siku nikisema haya, angalau kuna baraza, mama anaota jua, kuna chumba chenye dirisha la uani. Maumivu yakija nilikuwa nayajibu kwa hilo. Sasa niyajibu nini? Mkono wangu ulikuwa umenunua kitu. Nyinyi mmeurudisha dukani, na wenye duka wamekata nusu.

Na mkataba nimesaini. Nikiuvunja sasa napoteza malipo ya mwisho, yote ya miaka niliyokaa hapa. Nitarudi na nini? Nitashuka kwenye basi hapo na sanduku na mkono huu, watu waniulize nimeleta nini?

Mama msomee au usimsomee, utakavyoona.

Mdogo wako

17 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Sisi tupo.

Nimemsomea. Nilifikiria kuruka mistari, nikaona hapana, tumeshafichana vya kutosha katika familia hii. Nilisoma yote, mpaka pale pa duka. Hakuniambia rudia. Akatandika blanketi ulilomtumia, akalikunja, akalitandika tena. Mwishoni akasema, "Mwandikie nimesikia. Mwandikie ana haki." Ndiyo hivyo nimeandika.

Mimi pia nasema una haki. Tulipaswa kukuuliza. Mama hakuniuliza hata mimi, kama hilo linapunguza kitu.

Sitakudanganya kwamba nyumba ile ilikuwa mbovu ili ujisikie vizuri. Jumamosi iliyopita nilipita pale. Imenunuliwa na mtu na mkewe, wana watoto. Kiwiko ndiye anayefanya kazi. Paa limeshavuliwa na kuwekwa jipya, baraza imepigwa rangi nyeupe. Ni nzuri. Kiwiko aliniona, akashuka kwenye ngazi yake, akafuta mikono kwenye suruali, mtu yule ambaye haishiwi maneno. Akaniuliza tu mama anaendeleaje. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikaitazama kwa muda ambao mtu mwenye kazi zake hawezi kuwa nao, halafu nikaenda kupanda basi.

Mama Cherehani alihama mwishoni mwa Julai. Alikuja kutuaga. Yeye na mama waliahidiana kutembeleana, na wote wawili walijua magoti yao.

Tumehama na sisi. Nimepata vyumba viwili vya chini, karibu na hospitali, upande wa nyuma. Usitegemee makubwa. Mfereji wa maji ya kufulia unapita karibu na dirisha, kwa hiyo hata nikiwa nyumbani nanusa kazini. Kodi ni ileile tuliyolipa kule ghorofani, na jikoni ukifungua kabati huwezi kufungua mlango. Lakini mlango wenyewe unatokea nje moja kwa moja. Mama anatoa kiti asubuhi, anakaa. Ameshajua majina ya watoto wote na ugomvi wa wazazi wao. Juzi nilirudi nikamkuta anamsuluhisha mwanamke na mumewe, hata wiki mbili hatujamaliza.

Sasa hilo la mkono wako. Umesema ulinunua kitu nasi tukakirudisha. Nimelifikiria kazini, siku baada ya siku. Mdogo wangu, vile viwili vimekwenda na hakuna nyumba ya kuvilipa, iwe na baraza iwe haina. Tungekaa mle kila mvua ikinyesha tunasikia paa na kusema hili ni lake. Na wewe ungekaa huko miaka mitatu, daktari amekwambia nini? Ungetuletea kidole kipi kingine, kilipie mabomba? Umebaki na vinane. Hivyo vinane ndivyo ninavyovidai mimi, na sitaki fidia yake.

Unauliza watu watakuuliza umeleta nini. Watauliza. Wapo wa kuuliza kila mahali. Mimi nimefanya kazi ya mashuka miaka ishirini na miwili na nikiulizwa nina nini naonyesha ufunguo wa nyumba ya mtu. Nimechoka, na wewe umechoka, na mama amechoka kuwa sababu ya sisi kuchoka. Hilo ameniambia mwenyewe, tukihama, amekaa juu ya godoro kwenye mkokoteni.

Malipo ya mwisho yaache. Vunja.

Kama utakataa, niandikie hivyo na sitakusumbua tena. Sitakasirika. Nitaendelea tu kukusubiri.

Dada yako

10 Septemba

Dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi mzima, kadiri ya mambo.

Nilikaa na barua yako mfukoni siku kadhaa. Jana nikaenda ofisini kwa msimamizi. Nikamwambia naondoka. Akanionyesha mkataba, akaniwekea kidole pale panaposema nitapoteza malipo. Nikamwambia nimepasoma. Akasema, "Una uhakika? Watu huwa wanarudi hapa wakilia." Nikavua glavu, nikaweka mkono juu ya karatasi yake. Akatafuta kalamu, na ili niweze kusaini akashikilia karatasi isiteleze, kwa sababu wa kushoto bado haujazoea. Sikutegemea hilo kutoka kwake.

Nilipotoka nje nilidhani nitajisikia mwepesi. Sikujisikia kitu. Nilikwenda kula, nikalala mchana kweupe, na viatu miguuni.

Bado nina hasira kidogo kuhusu nyumba. Usiniambie iishe, itaisha yenyewe. Nikifika naomba siku moja unipeleke nikaione kutoka ng'ambo ya barabara, hapohapo uliposimama. Halafu hatutaiongelea.

Nauli ninayo. Zawadi sina. Sanduku lile nililonunua kwa safari ya mwezi wa nne nimelipakia, limejaa nusu, nguo za baridi nimewaachia walio na zamu. Nitaingia kwa basi la asubuhi, siku yoyote ya wiki ya mwisho ya mwezi huu, sijui ipi. Usiombe ruhusa kazini kuja kunisubiri. Nielekezee tu njia kwa kumwacha mama nje na kiti chake, nitamwona.

Na ukishamsomea hii, mwambie mkono asiutazame kwa kuibia. Autazame tu.

Nikifika msinipangie chochote, wala kazi wala mke wala kiwanja. Niacheni nilale. Nikiamka nitakwambia kama nina njaa.

Barua hii usiijibu, haitanikuta.

Mdogo wako